Shamba Lililohama Asubuhi

Shamba la Kengele lilihama asubuhi, watu wakinywa chai. Halikuaga.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nenda siku rudi, bila kupumzika hata kumeza mate. Hatimaye ilipokatika na jua likachungulia, watu wakatoka vibarazani kunyoosha migongo. Ndipo mlima ulipocheua. Kengele alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi, akaliona shamba lake la viazi likiondoka zima zima, polepole, kama sinia linalosogezwa mezani, maua ya viazi yakitikisika juu yake. Likausukuma ukuta wa mawe uliolitenga na shamba la chini, likauangusha, likapita, likajilaza juu ya maharage ya shemeji yake. Kuku mmoja aliyekuwa akiparura katikati ya matuta alishuka nalo mpaka mwisho wa safari. Hakupoteza hata unyoya, ila toka siku hiyo akawa anatembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Mama!" Kengele alimwita mama mkwe wake aliyekuwa ndani. "Shamba limeondoka!"

"Limekwenda wapi?"

"Kwa mwanao."

"Basi halijapotea," alisema bikizee, na akaendelea kupuliza chai yake.

Watu walikuja mbio kutoka kila upande. Wakahesabiana, wakaitana, wakachungulia kila ua. Nyumba zote zilikuwa zimesimama. Mbuzi walikuwepo, watoto walikuwepo, hata yule mlevi wa njia panda ambaye kila balaa humtafuta yeye kwanza alipatikana salama, amelala. Kengele akajikuta anacheka. Kicheko chake ndicho kilichompa jina. Akicheka huku, ng'ambo ya bonde wanainua vichwa. Na alikuwa na haki ya kucheka. Aliyezika mume, akalea binti kwa jembe moja na kuuguza mama mkwe miaka yote hiyo, hajui kulilia udongo wakati watu wanapumua.

Lakini furaha ya kupona ina tabia ya mgeni wa mchana: ikishakula, inaaga. Jioni, watu walipotawanyika, Kengele alitazama lile jeraha jekundu mlimani, mawe na matope matupu, na moyo ukamshuka. Hakuwa na shamba jingine. Lile lilikuwa la marehemu mumewe, na ndilo lililomweka kijijini. Bila lile angekuwa mgeni aliyesahau kuondoka.

Ili mtu aelewe balaa lenyewe, lazima ajue wale watu walivyofika pale. Hakuna mwenye akili timamu anayechagua kulima mlima ule kwa hiari yake. Mteremko ni mkali hivi kwamba wenyewe husema kuku wao hutaga kisha hulifukuza yai hadi bondeni. Mababu walipanda huko wakiwakimbia watu waliokuwa wakikamata wenzao na kuwabebesha mizigo. Walipofika juu wakajenga kuta za mawe, ukuta juu ya ukuta kama ngazi, wakagundua kwamba mizigo haijawaacha. Kila mvua ilishusha udongo mpaka ukutani, na kila baada ya mavuno ilibidi udongo huo upakiwe vikapuni, ubebwe kichwani, urudishwe juu. Wakasema, ah, heri kubeba mzigo wako.

Kazi hiyo wakaiita kupandisha, na wanaifanya mpaka leo, kijiji kizima, shamba kwa shamba. Mtoto wa huko ukimwuliza darasani udongo hutoka wapi, atakujibu: kichwani kwa mama. Serikali iliwahi kuwahurumia ikawashusha tambarare, ikawapimia viwanja vilivyonyooka kama rula. Mbu wakawapokea kwa shangwe. Kabla msimu wa pili haujaisha walikuwa wameanza kurudi mlimani mmoja mmoja, kila mmoja akidai amesahau jembe.

Na kwa kuwa udongo ndio dhahabu yao, walijiwekea kanuni kuuhusu. Udongo uliobaki ndani ya ukuta wako ni wako. Ukivuka ukuta, ni wa aliye chini, akiutaka. Asipoutaka, kijiji kizima hukusanyika kuupandisha urudi kwa mwenyewe. Ilikuwa kanuni nzuri kwa vikapu viwili vitatu vilivyotoroka na mvua. Hakuna aliyewahi kufikiri kuhusu shamba zima lenye kuku juu yake.

Aliyekuwa chini alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Kengele, na kijiji kilimwita Sheria. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa vifungu tu. Ukimpa salamu, anakumbuka kwamba aliye njiani ndiye humsalimu aliye kibarazani, si kinyume chake. Tangu kaka yake afariki, alikuwa haachi kusema kwamba shamba lile lilistahili kurudi nyumba ya baba, na kila alipopita pembeni yake hatua zake zilirefuka na kulingana, kama mtu anayepima.

Mwenyekiti aliitisha kikao darasani. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Sheria alikuwa amevaa koti.

"Shemeji," alianza, akimgeukia Kengele, "pole sana."

"Nimepoa," alisema Kengele. "Wewe je? Umeletewa shamba mpaka mlangoni, hata nauli hukulipa."

Darasa likaangua kicheko. Mwenyekiti akagonga meza kwa kifutio. "Jamani, tuwe watu wazima."

"Kwenye madawati haya, mwenyekiti?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Naomba niulize moja tu," mwenyekiti akasema. "Bwana Sheria, udongo umevuka ukuta, umelala kwako. Unautaka au huutaki? Ukisema huutaki, kesho tunaanza kupandisha. Ni kazi, sisemi si kazi, lakini tuko wengi. Na maharage yako yaliyo chini yataona jua. Huenda mengine yakafufuka."

Mke wa Sheria alimvuta mumewe koti. "Maharage, baba," alinong'ona, na kwenye darasa lile mnong'ono ule ulisikika mpaka ubaoni. "Sema huutaki. Maharage yetu."

Sheria aliinuka, dawati likainuka naye, akalitikisa likatoka. Alitazama dirishani, kule shamba la kaka yake lilikokuwa limelala juu ya lake, jekundu, limenona, na maua juu. Mtu aliyebeba udongo kichwani toka utotoni, leo analetewa mlima. Ungekuwa wewe ungesemaje?

"Nautaka," alisema. "Kanuni ni kanuni."

Mkewe akajifunika uso kwa kanga.

"Na viazi vyangu?" Kengele akauliza.

"Mazao ni ya aliyepanda," mwenyekiti akasema. "Utavichimba vikikomaa."

"Basi shemeji, nitakuwa nakuja kwako na jembe kila siku. Usimwambie mtu nakufuata."

Wakacheka tena, naye akacheka kuwazidi, akawapungia mkono, akaenda zake. Alipofika nyumbani akaketi jikoni karibu na mafiga, wala hakuwasha moto.

"Wamesemaje?" mama mkwe akauliza.

"Amelichukua."

Bikizee akaweka kikombe chini. "Nilimnyonyesha sana yule," alisema. "Nadhani ndiyo sababu hajui kusema imetosha."

Binti wa Kengele alikuwa fundi cherehani mjini. Simu ilipopigwa alisikiliza yote, akasema lile ambalo mtoto mwema husema: "Mama, acheni hayo mawe, njooni huku, wewe na bibi. Chumba cha nyuma ya duka nitatoa vitambaa. Utanisaidia kutia vifungo."

"Vifungo," alirudia Kengele, kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa.

"Kazi ya kukaa, mama. Umesimama vya kutosha."

Kengele aliagana naye, akaweka simu. Aliwaza dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na siku nzima iliyokaa kitako. Aliwaza pia kwamba aliye na pa kwenda hana haki ya kulalamika. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Lakini mbachao wake ulikuwa umejiondokea wenyewe.

"Mimi kwa Sheria sikai, usije ukaniacha," bikizee alionya. "Nikikohoa atanisomea kifungu."

Viazi vilipokomaa Kengele alivichimba akiwa kwa shemeji yake, na vilikuwa vizuri, vikubwa, vimejaa mkono. Ila jembe lilimwambia jambo ambalo Sheria alikuwa bado hajalijua. Udongo mwekundu ulikuwa kina cha kifundo cha mguu tu. Chini yake kulikuwa na kokoto, changarawe na mawe ya ukubwa wa vichwa. Vizazi kwa vizazi vilikuwa vimebeba udongo kichwani na kuutandaza juu ya changarawe ile, kama mtu anayefunika godoro bovu kwa shuka zuri. Akajaza vikapu vyake, akaondoka. Si kazi ya aliyenyang'anywa ng'ombe kumtajia mnyang'anyi ubovu wa meno ya mnyama huyo.

Ikabaki kazi moja kabla ya safari ya kuhamia mjini. Kijijini kwao, ardhi ikishaporomoka, mwenye eneo la juu ndiye huondoa mawe yaliyolegea, yasije yakawashukia walio chini. Kwa hiyo Kengele alipanda kwenye lile jeraha na mtaimbo, kuyaondoa mawe yasimdondokee Sheria kichwani.

"Dunia hii," alijisemea akichomeka mtaimbo, "mtu anachukua shamba lako, kisha unapanda mlima kumlinda asipondwe."

Mvua za mwisho zilikuwa zimeosha matope. Jiwe la kwanza liling'oka, la pili likang'oka. La tatu likakataa. Akalisukuma, akalitukana kwa adabu, likakataa. Akahamia la jirani yake, nalo likakataa. Akahamia jingine, vivyo hivyo. Kengele alijua ukaidi wa jiwe moja, lakini hakuwahi kuona mawe yakigoma kwa umoja. Akapiga magoti, akakwangua matope kwa viganja.

Mawe yalikuwa yamepangwa. Kubwa chini, dogo juu, vipande vyembamba vimeshindiliwa kwenye nyufa, kama wao wenyewe wanavyojenga mpaka leo. Akakwangua kushoto, ukuta ukaendelea. Akakwangua kulia, ukaendelea. Akapanda hatua chache juu, akaparura tena, na hapo palikuwa na ukuta mwingine.

Akashika jembe, akalipiga kati ya kuta hizo mbili, akitarajia kusikia ule mlio wa chuma kwenye mwamba. Hakusikia kitu. Jembe lilizama mpaka kwenye mpini. Alipolivuta, lilitoka na donge la udongo mweusi, laini, unyevu, uliojishika bila kunata. Akaubomoa kiganjani. Akaunusa. Katikati yake palikuwa na kigae cha chungu na kipande cha chuma kilicholika, umbo la jembe dogo la zamani.

Akaketi pale pale matopeni. Kumbe mlima ulishawahi kucheua, zamani ambazo hakuna aliyezikumbuka. Changarawe ilishuka ikalifunika shamba la watu, nao, au watoto wao, wakatandaza udongo juu yake wakaanza upya. Walilima miaka yote juu ya paa la shamba jingine. Na paa sasa lilikuwa limeng'oka likaenda kwa Sheria.

Alicheka kicheko ambacho hata ng'ambo ya bonde walisema, leo kuna jambo.

Kijiji kilipanda chote. Wanawake walizamisha mikono kwenye udongo ule wakaguna kama watu wanaopima kitambaa cha bei. Mwenyekiti alizunguka na mikono nyuma, akirudia, "Haya, haya, haya." Mtu alimteremkia bikizee kumwuliza kama aliwahi kusikia habari za shamba hilo kwa wakubwa wake.

"Nilikuwa sijazaliwa," alijibu kwa hasira. "Msinizeeshe."

Sheria alifika mwisho, anahema, amevaa koti. Alitazama kuta, akatazama udongo, akameza mate.

"Shemeji," alisema, "hongera. Ila tuwekane sawa. Hizi kuta ni kazi ya mababu. Kitu cha mababu si cha mtu mmoja, ni cha ukoo. Na katika ukoo, mwanamume aliyebaki..."

Kengele aliegemea jembe. Sasa hivi tu alikuwa ameshaanza kupanda viazi kichwani mwake. Akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake utani haukuwemo.

Aliyemwokoa alikuwa mke wa Sheria. Alikuwa mama mtaratibu, wa kusema na chungu kuliko na watu. Siku hiyo alisogea mbele, mikono yake imejaa mikwaruzo ya changarawe.

"Baba," alisema, "darasani ulisema nini?"

"Hayo ni mengine."

"Mwenyekiti alikuuliza, unautaka au huutaki. Nikakuvuta koti. Koti hilo hilo. Ungesema huutaki, wote hawa wangekuja na vikapu, wakaupandisha ule udongo, wakautandaza hapa hapa juu. Maharage yetu yangeona jua. Na hili shamba lingerudi kulala, asilione mtu mpaka kiama. Ungekuwa mwema, baba, usingepoteza kitu. Uliyataka makokoto, Mungu akakupa makokoto. Mimi toka juzi nayachambua kwa mikono, wewe unapima hatua. Sasa kilichobaki ndani ya ukuta ni cha nani?"

Watu waliangalia miguu yao, maana ukimwangalia mtu usoni wakati kama huo unacheka.

"Cha aliye juu," Sheria alisema mwishowe.

"Sijasikia."

"Cha shemeji! Kanuni ni kanuni!"

"Tamaa mbele, maharage nyuma," mtu akasema taratibu, na hapo mlima mzima ukalipuka kwa vicheko. Hata Sheria, akijaribu kukaza uso, mdomo ulimponyoka upande mmoja. Tuseme ukweli, alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kudai kila kitu miaka yote hiyo ni kazi, na haina likizo.

Kengele hakucheka na wenzake. Alikuwa akiwaza alivyokuwa karibu kukosa kila kitu kwa wema wa watu. Wangekuja kumhurumia na vikapu vyao, wangemfunikia bahati yake wakiimba, naye angewapikia na kuwashukuru. Akamtazama shemeji yake kwa jicho jipya. Hakuwa amewahi kufaidika hivyo na ubaya wa mtu.

"Shemeji," alisema, "njoo hapa."

Sheria akasogea kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Wewe umenipa shamba hili. Najua hukukusudia, lakini umenipa. Ngazi ya chini kabisa ile, ilimeni wewe na mwenzangu huyu msimu huu, mpaka muyamalize makokoto yenu. Mpande maharage."

"Kwa masharti gani?" Sheria akauliza, mazoea yakimtangulia.

"Sharti moja. Mbegu ashike yeye." Akamwelekezea kidole mke wa Sheria. "Na wewe vua koti."

Akalivua. Akalitungika kwenye kijiti, akakunja mikono ya shati, na kabla jua halijafika utosini alikuwa amelala kifudifudi akikwangua ukuta, akimwelekeza kila mtu namna jiwe linavyopaswa kukaa. Mara mbili alikuwa sahihi.

Wakati wa kupumzika Kengele alijitenga pembeni akapiga simu mjini.

"Mwanangu, hatuji."

Akaeleza yote, kuta, udongo mweusi, koti. Upande wa pili binti akashusha pumzi ndefu, ile ya mtu anayevua viatu vinavyobana.

"Asante Mungu," alisema.

"Umeshukuru upesi sana," Kengele akasema.

"Mama, si hivyo. Nimefurahi kwa ajili yako."

"Sema ukweli."

"Basi kidogo kwa ajili yangu. Mama, wateja wangu ni watu wa heshima. Wiki ile uliyokuja kunitembelea ulimwambia mke wa mchungaji gauni linamkaa kama hema. Alikuwa anakuja kila mwezi. Amehamia kwa fundi mwingine."

"Lilikuwa linamkaa kama hema."

"Najua, mama! Nililishona mimi!"

Wakacheka wote wawili mpaka simu ikaanza kulia kwamba salio linakwisha. Kengele aliitia kwenye mkunjo wa kanga, akashika jembe, akashuka kati ya kuta mbili ambazo hakuna mtu aliye hai aliyejua nani alizijenga. Akaanza kulima. Udongo uligeuka mweusi na mzito mbele yake, na nyuma yake Sheria alikuwa akibishana na jiwe.

"Shemeji," aliita, "hili haliingii."

"Lizungushe," alisema Kengele, bila kuinua kichwa.